Kijiti cha Mlimau

Nerida aliupekua mkoba wa rafiki yake wakati mwenyewe amekwenda kujisaidia nyuma ya kichuguu. Alikuta darubini, filamu tatu za kamera, dawa ya kiungulia na, ndani kabisa ya soksi, kiberiti. Akakitia mfukoni. Alijiona mwizi, naye hakuwahi kumwibia Glenys hata pini tangu walipokuwa dawati moja.

"Unatafuta nini, mwenzangu?" Glenys alikuwa ameshatokea, anafunga mkanda.

"Sukari."

"Sukari si ipo kwenye kopo lako? Uzee umekuanza kichwani wewe."

Kila kipupwe, nyasi zikishakauka na kufika kiunoni, wanawake hawa wawili walipakia hema kwenye gari wakaja hapa kando ya korongo la mchanga kutazama mwewe. Glenys, mpishi wa shule aliyestaafu, hakubakiwa na penzi jingine tangu afiwe na mume. Na mwewe hawawi wengi popote kama penye moto. Nyika ikiwaka, panzi na mijusi hutimka kujiokoa, nao mwewe huwadaka mmoja mmoja. Siku kama hiyo Glenys alipiga picha hadi filamu zikamwishia, huku akirukaruka kwa furaha kama mtoto.

Tatizo ni kwamba nyika iliwaka kila walipokuja.

Iliwaka mwaka juzi, ikawaka mwaka jana, na safari yao ya juzijuzi ikawaka tena. Siku zote ng'ambo ya korongo, siku zote mchana. Moto wa mwisho ulifika hadi kwenye banda la jirani yao Colin, ukamuulia farasi wawili waliokuwa wamefungiwa ndani. Nerida ndiye mkuu wa kikosi cha zimamoto cha kujitolea, kwa hiyo ndiye aliyekwenda kukagua. Mchangani hakuona nyayo, lakini upepo wa kipupwe haubakishi nyayo. Pale moto ulipoanzia aliokota kijiti kilichoungua nusu. Alikikwaruza kwa ukucha, akakinusa. Mlimau.

Mlimau hauoti nyikani. Uliota uani kwake, ukafa, akaukata kwa shoka lake mwenyewe, na tangu hapo ndizo kuni alizokuja nazo kambini.

Basi kuna mtu aliyechukua kijinga kwenye moto wao akavuka nacho. Kambini walikuwa wawili tu, na Nerida alijijua si yeye. Kikulacho ki nguoni mwako, aliwaza.

"Leo tusiwashe moto," Glenys alisema huku akitandika turubai. "Tule mkate na nyama ya kopo, basi. Dukani watu wananitazama kama nimewaibia mbuzi."

"Nani anakutazama?"

"Wote. Colin hata salamu yangu haitikii."

"Moto wangu una mawe pande zote na ndoo ya maji pembeni," Nerida alisema, akaanza kuvunja vijiti. "Huu haujamchoma mtu."

"Haya, mama moto. Utadhani umeolewa nao."

Nerida aliuwasha. Asubuhi ile, kabla hajampitia Glenys nyumbani, alikuwa amepiga simu polisi. Aliwaeleza yote: kijiti, picha, ile furaha. Njooni mchana, aliwaambia, mtanikuta naye. Sasa kila gogo lililopasuka motoni lilimshtua, akageuka kutazama barabara.

"Glenys, kama kuna jambo unataka kuniambia, niambie sasa."

"Jambo gani?"

"Lolote. Sitakasirika."

Glenys alifikiri, uso umemwiva kwa jua. "Ile keki yako ya Krismasi. Miaka yote huwa nampa mbwa."

Nerida alicheka bila kupenda, kisha akageukia kikaango cha soseji ili machozi yasionekane. Alimpenda mwanamke huyu. Alitamani awashe gari amrudishe nyumbani kabla wenye pingu hawajafika, na papo hapo aliwakumbuka farasi wa Colin, akabaki amekaa.

Baada ya chai Glenys aliingia hemani kujinyoosha. Nerida alisogeza kiti mahali ambapo angeiona miguu yake, ile soksi moja nyekundu na nyingine kijivu. Miguu haikusogea. Baada ya muda akasikia mkoromo.

Mwewe walikuwa wameongezeka. Walizunguka juu ya kambi chini chini, mikia ikipinda huku na huku. Mmoja alishuka ghafla hadi karibu na kikaango, Nerida akamtupia kofia. Hawa hawana haya; mwaka jana walimpokonya soseji iliyokwisha kufika mdomoni.

Mbali barabarani vumbi lilitimka. Gari lilikuwa moja, na halikuwa na haraka. Nerida alisimama, akakaa, akasimama tena. Ng'ambo ya korongo nyasi zilikuwa zimetulia, hapakuwa na moshi wala mtu, na kiberiti cha Glenys kilikuwa mfukoni mwake. Angalau leo, alijiambia, hakuna kitakachoungua.

Mwewe yule alirudi. Nerida alikiinamia kikaango, akakikinga kwa mikono yote miwili.

Mwewe hakuitazama soseji. Alitia makucha upande wa pili wa mawe, akachomoa kijiti cha mlimau kilichokuwa kikifuka moshi, akavuka nacho korongo, akakiachia kwenye nyasi za ng'ambo.