Unga Kwenye Kucha

"Umaskini unaletwa na nini?" Mwalimu Shekilindi aliuliza.

"Uvivu!" darasa likaitikia, naye akaandika ubaoni.

"Basi Zamda atakufa maskini," alisema Kibwana. "Mwone, anakoroma!"

Wakacheka. Zamda alikuwa ameulalia mkono wake juu ya dawati. Mwalimu akamwendea, akainama kumtazama, asije akawa anaumwa. Kucha za Zamda zilikuwa na unga mkavu, na vidole vilinukia iliki.

"Kibwana, leo umekula andazi?"

"Sote tumekula, mwalimu. La mama yake Zamda, pale getini."

"Lilikandwa saa ngapi? Na nani?"

Kibwana akavitazama vidole vya Zamda.

Mwalimu akalifuta lile neno kwa kiganja, dasta isije ikagonga ubao. Kibwana akanyata kwenda kurudishia dirisha, jua lisimpige Zamda usoni.