Miraba Elfu Nne

Miraba elfu nne iligandana, ikawa bamba moja kwenye skrini ya Mashavu. Ilikuwa siku yake ya mwisho ya kujaribiwa kazini, na mchoro wa chipu ya kompyuta ulitakiwa saa tisa.

“Dada, umechora chipu au umepaka sakafu rangi?” Kitwana, msimamizi wake, alicheka kwenye simu, naye alikuwa akiuona mchoro huko aliko. “Miraba ikigusana, huna kazi.”

Mashavu aliisoma upya amri aliyoiandikia kompyuta: chora mraba, sogea, rudia. Alikuwa ameiambia isogee kwa upana wa mraba tu, bila kuongeza nafasi ya katikati. Akaiongeza, akabonyeza. Bamba likagawanyika safu kwa safu, kila mraba ukasimama peke yake.

“Haya, sasa sawa,” alisema Kitwana. “Jumatatu uje na vyeti. Kazi umepata.”

Mashavu aligeuka na tabasamu lake. Viti vyote vya ofisini vilikuwa vitupu. Wenzake walikuwa wamekwenda arusini kwa mwenzao, na yeye hakualikwa.

“Nimepata,” aliiambia skrini, polepole, kama anayebembeleza mtoto. Akaukuza mchoro, akaukuza tena, hadi ukabaki mraba mmoja uliomwangazia uso mzima.