Nyongeza ya Pili

Mama Povu alimnyang'anya mpiga pasi blauzi yake kabla hajamaliza kuinyoosha.

"Leo usiingie kwa bosi, mdogo wangu. Ameamka vibaya."

"Juzi ulisema ana wageni. Wiki iliyopita ukasema jino linamuuma." Mpiga pasi aliivuta blauzi yake, akairudisha mezani. "Huyo bosi hana siku nzuri hata moja?"

"Anazo. Ila hazitangazwi."

Walikuwa wawili tu katika chumba cha nyuma cha duka la dobi: Mama Povu kwenye mabeseni, yeye kwenye pasi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalirundikana mpaka yakaziba dirisha. Tangu asubuhi mpiga pasi alikuwa akipanga maneno yake huku akinyoosha foronya. Kodi ya chumba anachopanga ilikuwa imepanda, na mwenye nyumba alimpa mpaka Jumamosi. Asipolipa, yeye na mtoto wake watoke.

"Bosi, naomba uniongezee mshahara kidogo," alijizoeza kwa sauti ya chini.

"Mwambie pia moshi wa pasi umekulevya," Mama Povu alidakia.

Mpiga pasi alisonya. Bosi hakumtia hofu. Bosi alikuwa na moyo. Mtoto alipozaliwa alimwongezea mshahara bila hata kuombwa. Aliyemchosha ni huyu mama. Zamani walikuwa wakigawana mkate na chai, wakicheka mpaka bosi anagonga ukuta. Mtoto alipopata homa, Mama Povu ndiye aliyembeba mgongoni huku anafua, asiruhusu mtu mwingine amguse. Lakini siku hizi, chai ikifika, alijitia ana nguo za kuanua. Alikuja kazini kwa miguu kutoka kule mbali, viatu vimefungwa kwa kamba, eti anapenda kutembea. Ubahili gani huo? Na sasa, juu ya ubahili, wivu!

"Unaogopa nitakupita mshahara, sivyo? Ndiyo maana unanizibia njia."

Mikono ya Mama Povu ilisimama ndani ya povu.

"Subiri kidogo tu. Tutafute njia nyingine, mimi na wewe."

"Njia ipi? Nimesubiri mpaka nimechoka, dada. Mwenye nyumba hasubiri."

Aliivaa blauzi ingali na joto la pasi, akaushika mlango.

"Ngoja. Kola imejikunja."

Mama Povu alifuta vidole kwenye aproni, kimoja kimoja, ili asimlowanishe. Kisha akamnyooshea kola taratibu, kama anayemwandaa mwanawe kwa siku ya kwanza ya shule. Mpiga pasi alitazama pembeni. Hakusema asante.

Bosi alikuwa akibandika vibandiko kwenye mifuko ya nguo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akavua miwani, akajisugua macho.

"Unasema nikuongezee tena?"

"Ndiyo, bosi. Kama ulivyofanya mtoto alipozaliwa."

"Mama, mimi sijawahi kukuongezea hata senti. Ile ilitoka kwenye mshahara wa Mama Povu. Alikuja mwenyewe hapa, akaniomba nimkate. Safari hii nimkate nini?"