Mashine ya Marehemu Ngeleka

Uzi ulikatika mara ya nne. Tshibola akainua mguu kwenye pedali, mashine ikanyamaza, na mtoto mgongoni akaanza kulia.

"Anza tena, shemeki," alisema Tshimanga, kaka wa marehemu mumewe. "Tata Abibu anataka kuona mushono, hapana machozi."

Ilikuwa siku ya tatu tangu wamzike Ngeleka, mfanyakazi wa mgodi wa Mashamba. Ndugu zake walikuwa wamekuja na kamiyo, lori kubwa, kutoka Kasai kuchukua vitu vyake, kama ilivyo desturi. Kitanda, redio, sufuria, vyote vilikwisha kupakiwa. Vilibaki kiti kimoja na mashine hii ya kushonea vitambaa vya viti, nzito kama injini, ambayo Ngeleka aliinunua kwa fundi mmoja Mgiriki aliyefunga karakana akarudi kwao.

Tshibola alikuwa ameomba aachiwe hiyo tu, apate kumlisha mtoto. Walimjibu kwamba kitu cha mwanaume ni cha ukoo wake. Na kwa kuwa kijijini hakuna umeme wa kuizungusha, Tshimanga alimleta Abibu, mchuuzi wa friji, matairi na vitu vingine vilivyokwisha kutumika, ainunue hapa hapa Kolwezi. Abibu alikuwa na sharti moja: aione ikishona.

Tshibola akapitisha uzi upya, tundu kwa tundu. Akakanyaga. Mota ikavuma, mtoto akanyamaza. Sindano ikaacha matobo matupu kwenye kitambaa, kisha uzi ukajifunga chini yake kama kiota. Akaachia pedali. Mtoto akalia.

"Kwani ndugu yangu hakukuonyesha?" aliuliza Tshimanga.

"Alisema nijifunze," alijibu Tshibola, macho chini.

Bilonda, dada wa marehemu, akacheka mlangoni. "Jioni yote anaenda ku masomo, na mashini inamushinda."

Abibu akainama, akachungulia chini ya meza, akainuka akijipangusa magoti. "Tata, mi najuwa mafrigo na mapneu. Hii inakula uzi. Nikimuuzia mutu, kesho iko ku mulango yangu ananitukana."

"Tutafute fundi," alisema Tshimanga.

"Fundi yake iko ku Ugiriki. Utamungojea?"

Tshimanga akaitazama ile mashine, akaitazama kamiyo iliyokwisha kujaa, akatema mate. "Mwachieni chuma yake. Leteni ile fotei."

Wanaume wawili wakakiinua kiti cha mwisho, chekundu, chenye mishono miwili miwili iliyonyooka kama reli. Tshimanga akaipapasa kwa kidole. "Ngeleka alikuwa na mukono," alisema.

Tshibola akakaza kanga iliyomshika mtoto mgongoni.

Kamiyo ikaondoka. Nyumbani hapakubaki hata mkeka. Mtoto alikuwa bado analia, na nje majirani walikuwa wakisema, maskini, atakula nini huyu.

Tshibola akafunga mlango. Akalegeza skurubu, akachomoa sindano, akairudisha upande wake wa sawa, kama ilivyokuwa kabla hajaigeuza asubuhi, akaikaza. Akakanyaga. Mshono wa kwanza ukatoka, kisha wa pili ubavuni mwake, imenyooka kama reli, na kabla kitambaa hakijafika mwisho mtoto alikuwa amelala, kama alivyolala kwa sauti ile kila mchana tangu azaliwe.