Parashuti ya Lornah

Fidel alimshika mkewe mabega, akamsogeza kidogo kushoto, kisha akarudi nyuma kumtazama kama mtu anayepanga viti sebuleni.

"Hapo hapo, Mama Anita. Usitoke kwa hiyo alama."

Lornah akatazama chini. Alama ilikuwa imechorwa kwa chokaa kwenye nyasi za uwanja mmoja wa Lavington, nyuma ya ukuta mrefu wenye nyaya za umeme. Mbele yake, chini ya hema jeupe, waliketi maafisa wa usalama wa anga, waandishi wa habari, na wateja wachache ambao hawakuwa wameikimbia kampuni ya droni ya Lornah na mumewe. Droni kubwa ilikuwa mezani, na mgongoni mwake kisanduku chenye parashuti. Kila mshono wa parashuti hiyo Lornah aliushona mwenyewe.

Wasingefika hapa kama si ile harusi ya Uthiru. Droni yao ilikuwa ikipiga picha za bi harusi ilipopinduka hewani na kumwangukia Mama Shiko, aliyekuwa akipakulia wageni pilau. Tangu siku hiyo Mama Shiko hatembei, na hawezi kumeza chakula bila mtu kumshikilia kichwa. Fidel alimwambia kila aliyeuliza kwamba ni upepo.

Lornah alijua si upepo. Wiki ile ya harusi propela moja ilikuwa imegonga waya kule Kabiria ikapasuka. Alimsihi mumewe anunue nyingine. Fidel akaipaka gundi, akaipuliza ikauke, akasema itashika. Halafu akaamuru droni irushwe juu ya vichwa vya watu, maana bi harusi alitaka picha ya karibu.

Lornah alinyamaza kwa miezi mingi. Kisha siku moja akaenda kumwona Mama Shiko, akarudi nyumbani, akashindwa kula.

"Baba Anita, mimi nitawaambia wachunguzi wa ile ajali ukweli," alisema. "Kuhusu ile gundi. Siwezi tena."

Alijikunja akisubiri kofi, kwa sababu mkono wa Fidel ulikuwa mwepesi. Lakini Fidel aliketi, akafunika uso, akalia.

"Uko sawa," akasema. "Nimemkosea yule mama. Lakini nipe nafasi kwanza. Tutengeneze kitu cha kuzuia haya yasimpate mwingine. Tukishaonyesha watu, twende pamoja tukaseme yote."

Tangu siku hiyo alikuwa mtu mwingine. Alimpelekea chai karakanani. Alimsaidia kukunja kitambaa, akamuuliza maswali mengi: kamba hii inafanya nini, ile nayo ikikwama inakuwaje? Ni yeye aliyetoa wazo kwamba Lornah mwenyewe asimame chini. "Nani atanunua parashuti ambayo aliyeishona anaiogopa?" Lornah aliona ni kweli, na moyoni aliona pia ni haki. Mama Shiko hakuulizwa kama yuko tayari.

Asubuhi hiyo Fidel alikibeba kisanduku mwenyewe kutoka ofisini mjini. Alikipakata garini njia nzima kama mtoto mchanga, hakutaka mtu mwingine akiguse.

Rubani wao, Kitheka, alimsogelea Lornah pale kwenye alama. "Madam, si tungetumia gunia ya mchanga?" alinong'ona. "Nyinyi wenyewe mnatufundisha, usirushe droni juu ya mtu."

"Leo ni maonyesho, Kitheka," Fidel akadakia. "Afisa akishusha kile kitambaa chekundu, wewe unazima mota, parashuti ijifungue yenyewe. Basi. Hiyo tu ndiyo kazi yako."

Afisa mmoja akaja na kofia ngumu. Lornah akaivaa. Fidel akamvua taratibu, akamtengeneza nywele kwa vidole. "Picha zitaharibika, mamaa," akasema huku akitabasamu, akambusu paji la uso.

Kisha akashika maikrofoni. Alisema juu ya makosa, juu ya kujifunza, juu ya mwanamke jasiri aliyemwoa. Sauti ilimkatika. "Mtanisamehe," akamalizia, "mimi siwezi kuangalia." Akaugeuzia uwanja mgongo, akafunika uso kwa viganja. Mama mmoja kwenye hema akapangusa macho.

Droni ikapaa. Ilipanda hadi ikawa ndogo kama ndege, ikasimama wima juu ya utosi wa Lornah. Uwanja ukawa kimya, mlio wa propela tu ukisikika. Afisa mkuu akainuka, akanyanyua kitambaa chekundu. Lornah akamfikiria Anita shuleni. Akafumba macho.

Ghafla upepo mkali ukavuma. Hema likafumuka upande mmoja, nguzo ikaanguka juu ya meza ya soda, chupa zikavunjika, na watu wakapiga yowe kwa pamoja. Afisa, kitambaa kikiwa bado juu, akamwashiria Kitheka kwa mkono mwingine angoje kwanza.

Fidel hakugeuka. Alianguka magoti, viganja vikiwa bado usoni, akalia kwa sauti iliyofika hadi barabarani.

"Lornah! Woi, Lornah wangu! Parashuti imekataa kufunguka! Nilimwambia asisimame hapo! Si nilimwambia!"

Watu wote hemani wakamgeukia. Lornah akafumbua macho, akatazama juu. Droni ilikuwa palepale, propela zote zikizunguka, na kidole cha Kitheka kilikuwa hakijagusa swichi.