Taa Nyeupe za Nshamba

"Taa iangalie dirishani, tena juu kidogo," Mama Paskazia alimwelekeza fundi Faruku aliyekuwa kileleni mwa ngazi. "Na iwe nyeupe. Hizo za rangirangi peleka disko."

Mchungaji Mwakalobo alikuwa chini, ameshikilia ngazi, haamini masikio yake. Huyu mama ndiye mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Alikataa kinanda, akakataa ngoma, akakataa hata saa ya ukutani. Lakini taa za jukwaa? Baraza zima lilizipitisha kabla mchungaji hajamaliza kueleza.

Naye alikuwa anazihitaji, jamani! Mtu wa Tukuyu, mgeni kabisa hapa Nshamba, Uhayani, na ibada yake ya jioni ilihudhuriwa na yeye, mkewe na mbuzi wa jirani. Mkuu wa jimbo, Mchungaji Rugambwa, hakumung'unya maneno: isipojaa kabla ya Krismasi, inafutwa, na yeye anahamishwa. Kurudi kwao ameshindwa! Hilo lilimkosesha usingizi.

Alitaka azindue taa Septemba. Wazee wakagoma, kwa adabu zote.

"Waitu, mchungaji wetu, subiri Novemba," alisema Mzee Datius. "Mvua ikishanyesha, mioyo ya huku inalainika."

Mchungaji akaona hilo ni neno la hekima. Akalitumia kwenye mahubiri mara mbili.

Siku ya uzinduzi mvua ikapiga mchana kutwa, naye akajua mambo yameshaharibika. Jioni ikakatika. Faruku akawasha taa, kanisa likang'aa mpaka migombani, na watu wakaanza kumiminika. Walikuja washarika waliopotea tangu Pasaka. Walikuja Wakatoliki. Alikuja hata Shamsa mwenye duka, na ushungi wake, akaketi benchi la mbele pamoja na wanawe wote. Na kila mtu na kapu lake au ndoo yake, imefunikwa kitenge. Sadaka ya mavuno, tena bila kuombwa! Machozi yakamlenga.

Akahubiri kama hajawahi kuhubiri. Hakuna aliyesinzia. Macho yote yalikuwa juu, kwenye mwanga.

"Tuombe," akasema, akafumba macho.

Hapo ndipo kanisa lilipolipuka. Vigelegele! Watu wanaruka, benchi linaanguka, Mama Paskazia anapaza sauti kushukuru kwa Kihaya. Uamsho wenyewe ndio huo. Mchungaji hakuthubutu kufumbua macho asije akaukatisha. Akarudi kinyumenyume, akipapasa ukuta, mpaka chumba cha nyuma. Akampigia mkuu wa jimbo.

"Mkuu, sikiliza mwenyewe!" Akaielekeza simu mlangoni, akachungulia kwenye ufa. "Wameinua mikono wote! Hata Shamsa kainua, yote miwili!"

Rugambwa, mzaliwa wa Kaagya, huko huko Uhayani, alizisikiliza zile kelele.

"Mvua ilinyesha huko?"

"Mchana kutwa, Mkuu."

"Madirisha yako wazi?"

"Yote. Wazee walisisitiza."

"Na taa ni nyeupe?"

"Nyeupe pe!"

Mchungaji akaibana simu sikioni.

"Basi ibada imejaa, huhami," alisema Rugambwa. "Ila usizime taa. Na mwambie Paskazia aniwekee ndoo moja ya hao senene waliofuata mwanga."