Pora na Bata wa Katikati ya Bwawa

Mama Kuku aliwekewa yai la bata kati ya mayai yake, akaliatamia bila kuuliza. Ndiyo maana Pora, kifaranga wake wa kiume, na Bata walikua kama chanda na pete, wakipekua jaa moja, wakigombania mchwa mmoja. Kisha Pora akaota kilemba, akaanza kujifunza kuwika. Bata naye akaonja bwawa, hakutaka kutoka tena.

"Njoo unisikilize!" Pora aliita.

"Njoo wewe tuogelee!"

Kwa wivu Pora akajitosa. Alikunywa maji mpaka Bata akamvuta nje kwa mkia.

"Basi, urafiki umekwisha," Pora akalia, akitema tope.

"Umekwishaje? Jana uliniwikia sikioni, nikadhani mlango wenye kutu. Hebu panda ukutani, mimi niende katikati ya bwawa."

Pora akapanda, akafumba macho, akawika nusura aanguke. Kule majini Bata akazunguka kama pia.

"Lo, ndugu yangu! Kumbe ndiyo sauti yako hiyo? Tena! Tena!"

Pora akawika mara kumi na saba. Tangu siku hiyo, Bata akienda mbali Pora hanuni. Anajua anatafutiwa mahali pazuri pa kusikika.